Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: meseji ya hospitali ije kwa jina gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: JINA LA MTUMAJI KWENYE MESEJI ZA WAGONJWA

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nafanya kazi za TEHAMA katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Kila tunapofunga huduma ya kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kliniki, mfumo una kisanduku kidogo cha kujaza jina la mtumaji. Hukijaza yeyote aliyepo siku hiyo, na baada ya hapo hakuna anayekirudia. Naomba dakika zako chache kwa ajili ya kisanduku hicho. Kinachoandikwa humo ndicho mgonjwa anachokiona kabla ya neno lolote tulilomwandikia, na mara nyingi si yeye peke yake anayekiona.

Jina la mtumaji halizidi herufi 11, na nafasi kati ya maneno nayo huhesabiwa. "Hospitali ya Wilaya" haienei. Basi kila kituo hubuni kifupisho chake, ambacho watumishi wanakielewa na mgonjwa hakielewi. Wapo wasiojaza kabisa, na ujumbe unafika kwa jina la kampuni ya kutuma meseji kwa wingi, au kwa namba ngeni. Mkataba na kampuni hiyo ukiisha, jina linabadilika. Mgonjwa wa presha aliyezoea jina moja anaandikiwa mwezi ujao na jina asilolijua, kwenye simu ileile inayopokea meseji za matapeli za "ile hela itume kwenye namba hii". TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, imewafundisha wananchi kuutilia shaka ujumbe wa namna hiyo na kuupeleka namba 15040. Anayefuta meseji yetu bila kuisoma anafuata alichofundishwa. Siwezi kumlaumu.

Hilo ni la kupotea kwa ujumbe. Lipo linaloniumiza zaidi.

Katika kituo kimoja nilichokwenda kusaidia, kila kitengo kilikuwa na jina lake: wajawazito lao, kifua kikuu lao, CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) lao. Ndani ya ujumbe hapakuwa na neno lolote la ugonjwa. Walioandika walikuwa waangalifu, ulisema tu unakumbushwa kufika tarehe fulani. Lakini jina la juu lilikuwa limeshamaliza kusema. Mama mmoja akaja kuomba namba yake iondolewe. Simu ilikuwa ya nyumbani, inakaa mezani, ikilia inashikwa na aliye karibu, na siku ile aliyekuwa karibu ni wifi yake. Namba iliondolewa. Kuanzia hapo hapakuwa na njia ya kumkumbusha siku ya kuchukua dawa, na hata angekosa siku hiyo, hapakuwa na namba ya kumpigia.

Mheshimiwa, tunayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, inayolinda siri ya majibu ya mtu. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hakuna muuguzi anayethubutu kusimama barazani kwa watu na kutangaza jina la mteja wa CTC. Jina la mtumaji likiwa la kitengo, linafanya kazi hiyo kila mwezi, na hakuna aliyekusudia.

Majirani zetu wa Kenya walilipima jambo linalokaribiana na hili zamani. Utafiti wa WelTel, ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010, uliwahusisha wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza VVU katika kliniki tatu. Nusu yao waliandikiwa na kliniki mara moja kwa wiki, neno moja tu: "Mambo?" Walitakiwa wajibu ndani ya siku mbili, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Baada ya mwaka, walioonekana virusi vyao vimefubaa walikuwa asilimia 57 katika kundi la meseji, dhidi ya asilimia 48 kwa wasioandikiwa. Aliyeishika simu hiyo kwa bahati mbaya hakuona chochote cha kusimulia. Tena mgonjwa aliweza kujibu. Meseji zetu zinazotumwa kwa jina hazijibiki: mgonjwa akiandika "nipo safarini, naomba tarehe nyingine", ujumbe wake hauendi popote.

Ninachokuomba ni jina moja kwa vituo vyote vya umma. WIZARA AFYA, kwa mfano, ina herufi 11 kamili pamoja na nafasi yake. Jina hilohilo litume tarehe ya chanjo ya mtoto, kliniki ya sukari, majibu ya kipimo yaliyo tayari, kifua kikuu na CTC. Kaya nzima ikiwa inapokea meseji za jina hilo, kuliona kwenye simu ya mtu hakumwambii wifi wala mwenye nyumba lolote. Jina la kituo likae mwanzoni mwa ujumbe wenyewe, pamoja na namba ya mapokezi. Nafahamu waganga wafawidhi wengi hupenda jina la hospitali yao lionekane juu. Hapo chini nako litasomeka, na mgonjwa atakuwa amefungua ujumbe.

Jina moja lina hatari yake, na sitaki kuificha: likishazoeleka, matapeli watalitamani. Simu hupanga meseji kwa kufuata jina, kwa hiyo ya tapeli aliyeiga jina inaingia kwenye mfululizo uleule wa meseji halali. Ndivyo ilivyotokea Singapore mwishoni mwa 2021, pale wateja wapatao 790 wa benki ya OCBC walipopoteza dola za huko milioni 13.7. Nchi hiyo haikuacha kutumia majina. Iliyasajili, na tangu Januari 31, 2023 ujumbe wenye jina lisilosajiliwa unafika ukiwa na onyo kwamba huenda ni utapeli. Kuanzia Julai 2024 taasisi za serikali yao zinaandika kwa jina moja, gov.sg. Kwa hiyo jina letu lifungwe na TCRA kwenye mitandao yote ya simu, lipite njia moja tu ya serikali, na wananchi watangaziwe redioni kwamba jina hilo haliombi hela kamwe na halitumi kiungo cha kubofya.

Kuhusu kujibu, vifaa tunavyo. Wazazi Nipendeni, huduma ya meseji kwa wajawazito, ilianza mwaka 2012 kwa namba fupi 15001: mama aliandika neno "mtoto" na kupokea ujumbe bure. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina namba fupi 15200. Namba 199 ya Wizara inapigwa bila malipo. Kilichobaki ni namba fupi moja ya bure iandikwe mwishoni mwa kila ujumbe, na majibu yake yafike kwa muuguzi wa kliniki husika.

Kule masijala nako liongezwe swali moja mgonjwa anapotoa namba: simu hii ni yako peke yako, na tukikuandikia kuna tatizo?

Najua hospitali za wilaya kiutawala ziko TAMISEMI, lakini miongozo ya huduma inatoka kwako. Kusajili jina la pamoja kutachukua muda, vikao na bajeti. Kuondoa majina ya vitengo hakuhitaji hata shilingi. Ninayeandika hapa naweza kuyaondoa kwenye mfumo wetu kabla ya chai ya saa nne, na wenzangu wa wilaya nyingine vivyo hivyo. Naomba waraka kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, wa ukurasa mmoja, unaokataza jina la kitengo chochote kuwa jina la mtumaji kuanzia siku ya kuupokea. Mengine yafuate.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa TEHAMA, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, TCRA
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi