Subiri kwanza kutangaza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama naye siku hizi anatembea bila fimbo, Mungu ashukuriwe. Nimekuwa kimya mno, lakini hayo tutayaongea siku nyingine. Nimeona ujumbe wako kwamba mnataka kumaliza fedha zilizobaki kulipia matangazo ya jukwaa lenu la mtandaoni la wazazi wenye watoto wa selimundu. Tafadhali, msilipie bado.

Niliingia juzi kusoma. Kuna mama ameuliza afanyeje siku za baridi, maana ndizo zinazomletea mwanawe maumivu. Swali limekaa siku nne bila hata "pole". Sasa tangazo likileta wazazi mia tano kesho, watakuta nini? Mgeni akipiga hodi asiitikiwe, huenda zake.

Usidhani wale sitini mlio nao hawajali. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni, kati ya watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kwa hesabu hiyo, kwenu hata huyo mmoja hajatimia! Inabidi umtafute mwenyewe. Mama wa mapacha, kwa mfano, anayajua haya kuliko sisi sote. Usimtumie kiungo, mpigie simu, umwombe awe anapita kila jioni kujibu. Na yule muuguzi wa kliniki pia, kama bado mnasalimiana.

Kuanza na wachache wanaofahamiana si unyonge. Facebook yenyewe ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard tu. Kila mtu kuruhusiwa ilikuwa 2006. Ninyi anzeni na wazazi wa kliniki moja, wanaokutana benchi lilelile kila mwezi. Wakizoea kujibizana, hao wengine watakuta mazungumzo yanaendelea.

Lakini lililoninyima usingizi ni lile wazo la kaka yako la kufungua akaunti za kubuni ili paonekane pana watu. Ni kweli waanzilishi wa Reddit, lile jukwaa la mijadala la mtandaoni, walifanya hivyo walipoanza mwaka 2005, na wamelisema wenyewe hadharani. Wao walikuwa wanaweka viungo vya habari, basi. Kwenu, mzazi akisoma "wangu pia alikuwa hivyo, nikamwacha tu akapoa", anaweza kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali. Nakusihi, asiwepo hata mzazi mmoja wa uongo. Heri swali lijibiwe na wewe mwenyewe kwa jina lako, hata kama jibu ni kumwambia aende kliniki.

Halafu ile fomu ya kujiunga ni ndefu mno. Jina la hospitali, mwaka wa vipimo, kazi ya baba... mtu anatafuta msaada usiku wa manane, mtoto analia, nanyi mnamhoji.

Je, mmeshalipa hela za matangazo au bado ziko mkononi? Nani hasa anapokea wageni wapya? Mama wa mapacha bado anatumia ile namba ya zamani? Na yule mama wa swali la baridi, unaweza kumjibu leo hii, kabla hujanijibu mimi?

Wako akupendaye.