Kwa nini ndani ya Thomaskirche unawapa mgongo waimbaji, na kwa nini bei yetu iko vile

Kila mwaka Bachfest, tamasha la muziki wa Bach mjini Leipzig, Ujerumani, likimalizika mwezi Juni, sisi wakala wa safari tunaowapeleka watu huko tunapata malalamiko yale yale. Safari hii yamekuja kwa maneno makali zaidi: mteja wetu ameandika kwamba tumemwibia. Alilipia konseti ndani ya kanisa la Thomaskirche, akafika, akakaa kwenye benchi alilopangiwa, na muziki ukaanzia nyuma yake. Alitazama madhabahu kwa karibu saa mbili na mwimbaji hakumwona hata mmoja. Anaamini tulimnunulia nafasi mbovu na chenji tukaitia mfukoni.

Tunamjibu hapa hadharani, kwa sababu wapo wengine waliorudi na dukuduku hilo hilo wakanyamaza.

Thomaskirche ni nyumba ya ibada kabla ya kuwa ukumbi wa muziki. Mabenchi mengi ya katikati yanatazama madhabahuni, kama kwenye usharika wowote wa Moshi au Machame. Kwaya na okestra hukaa juu, kwenye roshani ya magharibi, penye kinanda kikubwa cha mabomba kilichotengenezwa na Sauer mwaka 1889. Johann Sebastian Bach naye, aliyekuwa kantori, yaani kiongozi wa muziki, wa pale tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, aliwaimbisha wanafunzi wake kutoka juu roshanini. Kwa hiyo ukikaa katikati, sauti inakushukia kutoka juu na nyuma. Zipo nafasi zinazoiona roshani hiyo, zipo zinazoiona nusu, na zipo zisizoiona kabisa. Bei zake hazilingani, na tofauti hiyo hupangwa na waandaaji wa tamasha kulingana na macho yako yatafika wapi. Sisi hatuna mkono hapo.

Kwenye fomu yetu lipo swali: unataka kuona, au kusikia kunatosha? Ndugu yetu huyu aliweka alama kwenye nafasi ya bei nafuu. Tulimpigia simu tukamweleza, akasema tuendelee na hiyo hiyo. Fomu ipo, ujumbe wake tunao, na risiti ya waandaaji ipo ikionyesha kiasi kile kile tulichomwandikia. Akipita ofisini tutamfungulia faili lake lote.

Na nafasi ya kusikia tu si nafasi ya kudharau. Mwalimu mmoja wa kwaya kutoka huku milimani aliomba mwenyewe akae chini katikati. Alikwenda na nota zake, akaziweka magotini, kidole kikafuata mstari wa besi tangu mwanzo hadi mwisho, na pale kwaya ilipogawanyika mara mbili akawa anajua kila sauti imetoka upande upi wa roshani. Aliporudi aliwafundisha besi wake upya.

Watu wa huku wana sababu ya kwenda Leipzig ambayo wageni wengine hawana. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja na Injili walileta tenzi zao na, baadaye, matarumbeta. Ndiyo maana mtu aliyekulia Machame akisikiliza kantata ya Bach, yaani utungo wa kwaya na okestra, mara anakutana na wimbo alioimba tangu shule ya Jumapili. Mama mmoja tuliyempeleka, kwaya ilipoingia kwenye wimbo wa namna hiyo, aliimba sauti ya pili chini chini bila kitabu. Mzee wa Kijerumani aliyekaa jirani yake aligeuka, akamsikiliza kidogo, akasogeza kitabu chake cha maneno ili wasome wote. Kazi yetu ni kuhakikisha mtu wa namna hiyo anafika, amelala vizuri, na tiketi yake ni halali.

Sasa tuseme juu ya njia za mkato, maana ndizo zinazofanya watu waone sisi ni ghali.

Ya kwanza ni kununua tiketi kwa walanguzi wa mtandaoni. Mtu anaandika jina la tamasha, tovuti ya kwanza inayotokea anaibonyeza, analipa. Ndugu wawili wa Arusha walifanya hivyo kwa ajili ya Misa ya B minor ya Bach, ile ambayo kwa desturi hufunga tamasha ndani ya Thomaskirche na ambayo tiketi zake huisha mapema kuliko za konseti nyingine. Walilipa mara tatu ya bei iliyochapishwa kwenye tiketi yenyewe, na nafasi zikawa zile zisizoona kitu. Kisha wakaja kwetu tuwasaidie kudai. Hatukuweza. Aliyewauzia hakuwa na ofisi, na anuani yake ya barua pepe ilishaacha kujibu.

Ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, nayo ni viza. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa tamasha la Juni, mlango unafunguka Desemba. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika siku 45, mbali na kusubiri miadi na safari ya Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Bado tunapokea watu mwezi Mei wakiwa na pasipoti mkononi na shauku tele. Hao huwa tunawaambia ukweli palepale, na hatuchukui pesa yao.

Kuna wanaokwenda kwa mtu wa mtaani anayeuza karatasi za hoteli: buking imechapishwa vizuri, jina lipo, chumba hakipo. Ofisa wa ubalozi akiipigia hoteli simu, mambo yameisha. Ada ya viza, euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi, na kukataliwa kwako kunabaki kwenye mfumo wao kwa miaka mitano, kila nchi ya Schengen ikikuona. Mteja mmoja alikuja kwetu baada ya mkasa huo. Kuliandaa ombi lake la pili kulitaka barua ya maelezo, taarifa za benki, barua ya mwajiri na uvumilivu mwingi, na gharama yote ilizidi kile alichokataa kutulipa mwanzoni. Wengine huombea viza nchi waliyosikia inatoa kirahisi, wakati siku zao zote ni za Ujerumani. Unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Hilo halina mjadala.

Ya tatu ni malazi. Mtu anaona hoteli za Leipzig zimepanda, anasema atalala Halle, treni ni kama nusu saa tu. Halle ni mji jirani alikozaliwa mtunzi Händel mwaka 1685, nao wana tamasha lao la kila mwaka majira hayo hayo. Kwa hiyo vyumba huko navyo hupanda, na konseti ya saa mbili usiku ikiisha utakuwa stesheni usiku mkubwa ukisubiri treni. Pia tunawakataza wateja kutua siku ile ile ya konseti. Kutoka Berlin treni ya kasi ni kama saa moja na robo, kutoka Frankfurt ni kama saa tatu, lakini treni za Ujerumani nazo huchelewa. Kijana mmoja alibishana nasi akaokoa usiku mmoja wa hoteli, na tiketi ya konseti aliyoingoja mwaka mzima akaja kuturudishia ikiwa haijakaguliwa.

Ada yetu, basi, inalipia nini? Kukaa kwenye kompyuta siku mauzo yanapofunguliwa. Kuusoma mpango wa viti wa Thomaskirche, wa kanisa la Nikolaikirche lenye nguzo zilizochongwa kama mitende, na wa Gewandhaus, jumba la konseti la mwaka 1981, ambako ukumbi umezunguka jukwaa na anayetaka kuona wanamuziki ataona. Kulinganisha jina kwenye pasipoti, tiketi ya ndege, hoteli na bima, herufi kwa herufi; bima yenyewe lazima ifikie euro 30,000. Kuna mama ambaye bima aliyojinunulia ilikuwa na herufi moja pungufu kwenye jina la ukoo. Tuliiona jioni kabla ya miadi yake, na iliandikwa upya asubuhi ile kabla hajaingia ubalozini. Mtu anayeuliza kwa nini tunalipisha wakati tiketi iko mtandaoni hajawahi kukaa na kosa kama hilo mbele yake.

Hata vya bei ndogo tunavisema, ingawa hatupati kitu. Kwaya ya wavulana ya Thomaskirche, iliyoanza mwaka 1212, huimba moteti (nyimbo za kwaya za ibada) Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri, isipokuwa wakati wa likizo za shule, na unaingia kwa kununua programu ya euro chache. Viti havina namba, hivyo ukiwahi unachagua mwenyewe. Kaburi la Bach lipo mbele, karibu na madhabahu, chini ya bamba la shaba.

Fomu za Juni ijayo ziko ofisini. Njoo na nakala ya pasipoti iliyobakiza angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi na kurasa mbili tupu. Pesa ya tiketi za konseti inatangulia, kwa kuwa nasi tunailipa siku hiyo hiyo. Ada yetu unaweza kuilipa kwa awamu mbili.