Risala ya Chama cha Kiswahili na Historia kwa Mgeni Rasmi: Jina la Museveni na Nyumba Alimokulia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili na Historia cha shule hii ya hapa Mbarara tunakukaribisha kwa furaha, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako uje kutufungulia maonyesho. Mwaka huu tumechunguza utoto wa Rais Yoweri Kaguta Museveni, na kama ilivyowapasa wanafunzi wa lugha, tulianzia kwenye jina lake.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana wengi wa Uganda walipigana katika jeshi la Waingereza lililojulikana kama Keya. Waliokuwa katika kikosi cha saba waliitwa nyumbani "Abaseveni", yaani tarakimu ya Kiingereza iliyovishwa kiambishi cha Kinyankole. Mmoja wao ni "Museveni". Aliyesoma ngeli ya m-wa haoni ugeni wowote hapo, maana nasi tungeweza kusema Msaba na Wasaba. Mtoto aliyezaliwa Ntungamo mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, akapewa jina hilo kwa heshima ya askari hao. Yoweri ni Yoeli wa Biblia, na Kaguta ni jina la baba yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, desturi ya Ankole humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, wala si lazima arithi la baba. Ndiyo maana mdogo wake Rais ni Caleb Akandwanaho, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la Salim Saleh alilojipa akiwa mpiganaji, na dada yao ni Violet Kajubiri. Karani aliyetuandikisha baadhi yetu kwa ajili ya mitihani hakulielewa jambo hili hata kidogo, akashikilia kwamba ndugu wa tumbo moja lazima wawe na jina moja la mwisho.

Wazazi wa Rais, Mzee Amos Kaguta na Mama Esteri Kokundeka, walikuwa Wahima wafugaji. Ili tuelewe maana ya maisha hayo, bibi wa mwanachama mmoja alituazima "ekyanzi", chombo cha mti cha kuwekea maziwa, ambacho utakiona kwenye meza ya kwanza. Kimekuwa cheusi na kinang'aa kwa kufukizwa moshi wa majani miaka mingi, na ukikifunua utasikia harufu ya moshi hata kabla ya harufu ya maziwa. Bibi alituonya tusikioshe kwa sabuni.

Kutoka nyumba ya namna hiyo Rais alisoma Kyamate, kisha Mbarara High School na Ntare School, zote za huku kwetu Ankole, na mwaka 1967 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1970. Akiwa mwanafunzi huko alifika Msumbiji, katika maeneo yaliyokuwa yamekombolewa na wapiganaji wa FRELIMO. Vita vyake mwenyewe vya kuanzia 1981 hadi kuapishwa kwake tarehe 29 Januari 1986 vinajulikana, nasi hatutavirudia.

Lililotushangaza zaidi ni ulinganisho ambao hatukuutafuta. Idi Amin aliingia Keya mwaka 1946, akapanda vyeo humo mpaka akapewa uofisa mwaka 1961; yaani Keya ilimpa kazi. Museveni hakuitumikia hata siku moja, bali alijifunza vita kwa njia ya siasa na chuo, na Keya ilimpa jina tu. Kwa maoni yetu, mtu akiwaweka marais hawa wawili katika fungu moja la "wanajeshi" bila kueleza tofauti hiyo, hajaeleza mengi.

Mheshimiwa, familia za Abaseveni wa kweli bado zipo katika vijiji vinavyotuzunguka, na wazee wanaokumbuka masimulizi yao, pamoja na Kiswahili cha kijeshi walichorudi nacho, wanazidi kupungua. Tunaomba utusaidie kupata kinasa sauti kimoja na nauli ya kuwafikia wakati wa likizo. Orodha ya vijiji tumeiambatisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.