Fungueni kabureta kabla ya kuihukumu injini ya rota

Mhariri,

Naomba nafasi niitetee injini ambayo hapa Jinja haina mtetezi. Hivi karibuni Mazda RX-7 ya mwaka 1983 imeuzwa kwa bei ya chuma chakavu, baada ya gereji moja kumwambia mwenyewe kwamba kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya injini, imekwisha na injini ni ya kutupa. Aliyeinunua aliniletea Walukuba nimng'olee injini afunge ya Toyota. Nilipofungua plagi za chini, petroli ilichuruzika mpaka kwenye chesi. Injini ilikuwa nzima, imefurika tu.

Inaniuma kwa sababu si gari la kwanza kumalizwa hivyo. Mafundi wengi tumekulia kwenye pistoni, na injini hii aina ya 12A haina pistoni wala valvu. Ina rota mbili zenye pembe tatu, jumla cc 1,146, na kila pembe ina sili inayokwangua ukuta ikizunguka. Sili hizo zinahitaji utando wa oili ili zibane. Petroli ikizidi, inauosha utando wote. Kompresheni inashuka, injini inakataa kuwaka, dereva anazidi kupiga starta, na kila starta inavuta petroli nyingine. Fundi akipima saa hiyo, lazima aseme imekufa.

Na geji tunayopimia kompresheni imetengenezwa kwa ajili ya pistoni. Inashika kipimo cha juu kabisa na kubaki hapo, wakati rota moja ina nyuso tatu. Uso mmoja ukiwa mbovu, geji itakuonyesha ule mzima. Toa kile kivalvu cha geji kinachozuia upepo usirudi, piga starta, utazame mshale unavyoruka. Miruko mitatu mitatu inayolingana ni dalili njema. Ila usipime injini iliyolowa. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, toa plagi za chini, tenganisha nyaya za koili ili kusiwe na cheche, na yeyote mwenye sigara aondoke kabisa, maana petroli itaruka nje kwa nguvu. Piga starta kwa vipindi vifupi mpaka matundu yakauke, tia oili kidogo kwenye kila tundu, izungushe tena kidogo, ndipo upime.

Ikishawaka, kazi haijaisha. Petroli ile ilitoka wapi?

Zitazame plagi vizuri. Zikiwa nyeusi kwa masizi makavu, mchanganyiko ni mzito tu, yaani petroli imezidi hewa, jambo la kawaida huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko Mombasa. Huenda pia choki, kile kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha, hairudi mpaka mwisho. Zikiwa zimelowa na zinanuka petroli mbichi, nenda kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Kabureta yake ya Nikki ina vidirisha vya kioo kwenye mabakuli ya petroli. Egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa inanguruma polepole, umulike kwa tochi: petroli inatakiwa isimame kwenye alama. Ikifunika kioo chote, au ukizima injini na kuona petroli bado inadondoka kooni mwa kabureta, basi sindano inayozuia petroli isizidi kwenye bakuli haifungi.

Hapo fungua. Mara nyingi ni uchafu, hasa kwa gari linalojazwa petroli kutoka kwenye jerikeni. Chembe moja ya kutu inatosha kuizuia sindano isikae kitako. Pitisha ukucha kwenye ncha yake. Ukigusa mfereji mwembamba unaoizunguka, imelika, ibadilishe pamoja na kiti chake. Tingisha floti, lile boya linaloisukuma sindano ifunge, karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka na haiwezi kuelea. Chomoa pia dipstiki, kijiti cha kupimia oili, uinuse, kwani petroli iliyoshuka mpaka kwenye oili inaharibu beringi, na oili hiyo imwagwe siku hiyo hiyo.

Kilichoifurisha RX-7 ile hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo. Pampu yake ilikuwa imeharibika, na mtu akafunga pampu ya gari la injekta, lisilo na kabureta, linalopuliza petroli kwa presha kubwa. Kabureta ile inataka presha ndogo, kama paundi 3 kwa inchi ya mraba, na pampu ya injekta inasukuma 40 hivi. Hakuna sindano itakayohimili nguvu hiyo. Inasukumwa ifunguke, petroli inapita muda wote pampu inapofanya kazi, na sindano mpya unazonunua zinalaumiwa bure.

Kwa hiyo nawaomba wauza spea wa Jinja, na wenzao wa Kisekka kule Kampala: mteja akiomba pampu ya petroli, muulizeni kwanza kama gari lake ni la kabureta au la injekta. Na mwenye RX-7 iliyolala uani kwa sababu aliambiwa kompresheni imekwisha, asiiuze kabla hajamwona fundi akitoa plagi zote nne mbele ya macho yake.

Fundi wa magari,
Walukuba, Jinja