Shukrani kwa mzee wa baiskeli, Arabuko-Sokoke

Mzee wetu, shikamoo popote ulipo. Jina ulikataa kututajia, ukacheka tu.

Sisi ni wale vijana wa darubini uliotukuta kwenye udongo mwekundu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, tukimtafuta bundi mdogo wa Sokoke. Wanasayansi wenyewe hawakumtambua hadi miaka ya 1960, na nje ya pwani ya Kenya anajulikana kwenye vilima vya Usambara Mashariki tu, kule Tanzania. Urefu wake ni kama sentimita 16, na mchana hulala vichakani akafanana na majani makavu. Nani angemwona?

Ulikuwa na safari zako. Lakini uliegemeza baiskeli, ukatutangulia kimya, ukanyoosha kidole: wawili wamebanana tawini, mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu! Hata pesa ya chai hukutaka. Ulitukataza tu kuwasogelea na kuwapigia sauti za bundi kwenye simu. Kusema kweli, hilo wageni wengi hawaambiwi.

Ahsante sana, mzee. Tutarudi kumtafuta kwera wa Clarke, ndege ambaye haonekani popote duniani ila Kilifi. Ukituona njiani, tafadhali tusimamishe.