Kabla ya kufuta Windows, tazama waya

Mhariri,

Kompyuta iliyounganishwa kwa waya ikikosa intaneti, mafundi wengi hapa Lamu hukimbilia kufuta Windows. Ni kumla mteja pesa bure. Fungua kidirisha cheusi cha amri, andika ipconfig. Anwani, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao, ikianza na 169.254, basi kompyuta iliomba anwani kwa ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Mshukiwa wa kwanza ni waya. Hewa yetu ya chumvi hula vijino vya shaba kwenye kichwa chake. Vikiota kijani, kata, funga kichwa kipya. Kasi ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) hutumia nyuzi nne tu kati ya nane, yaani 1, 2, 3 na 6, na mmoja wao ukilegea hupati kitu. Waya ukiwa mzima na taa ya tundu inawaka, andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew.

Tatizo sugu zaidi ni ruta mbili. Kuta nene za matumbawe huzuia Wi-Fi, kwa hiyo watu huongeza ruta ya pili ghorofani bila kuirekebisha. Mara nyingi zote huwa na anwani 192.168.1.1, zote zinagawa anwani, na mashine hubabaika. Ipe ya pili 192.168.1.2, zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, na waya unaotoka ruta ya chini uchomekwe tundu lake la LAN (la mtandao wa ndani), si WAN (la intaneti ya nje). Printa yenye anwani ya kudumu nayo ipewe namba iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawa.

Fundi wa mitandao,
Langoni, Lamu