Jua la mchana na watoto wa chekechea

Mhariri, nimesoma habari yenu ya usalama kwenye vituo vya kulelea watoto, mmegusa mengi ila jua mmelipita juu juu tu. Miale huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na ndo muda huohuo watoto wanatolewa nje kucheza, tena kwenye bembea za chuma zinazounguza mapaja, na mtoto wa miaka 2 hawezi kujieleza kwamba kichwa kinamuuma, atalia tu aambiwe anadeka.

Mi naona michezo ya nje iwe asubuhi mapema, kofia pana na maji visikosekane, walio chini ya miezi 6 wasiwekwe juani kabisa. Na wakaguzi wanaohesabu vyoo na madirisha, kivuli cha uwanjani nacho wakikague kabla ya kutoa leseni.